Kubadili valvu ya shawa bila kubomoa ukuta: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Shawa ikiendelea kudondosha matone baada ya kufungwa, au kishikio kikiwa kigumu hadi kidai mikono miwili, mafundi wengi huvitazama vigae na kutikisa kichwa: hapa ni kubomoa. Mara nyingi hakuna haja. Kilichofukiwa ukutani ni kiwiliwili cha valvu, pande la shaba ambalo halina kinachozunguka wala kusuguana. Vinavyochakaa ni washa (kipete laini kinachoziba maji), mpira, spindeli (mhimili unaozungushwa na kishikio) na katriji (kipuri kizima kinachofungua na kufunga maji), na vyote hivyo hutolewa kwa mbele, kupitia tundu lile lile la kishikio.

Madukani kuna bidhaa za namna nne zinazouzwa kwa ahadi ya kuuacha ukuta ulivyo: seti za vichwa vya kauri, katriji za badala, bamba kubwa la kufunika tundu, na mikisa, yaani koki za kuchanganya maji ya moto na baridi, za kufungwa juu ya ukuta. Mbili za kwanza zinatimiza ahadi. Ya tatu inatimiza nusu, tena katika nyumba za aina fulani tu. Ya nne ni nzuri sana ikiwa bomba zako zimekaa inavyotakiwa, na kama sivyo haikufai kitu.

Anza kwa kujua ulichonacho. Vishikio viwili au vitatu ambavyo huzungushwa mara kadhaa ndipo maji yakatike ni valvu ya spindeli na washa. Kishikio kimoja cha kuinua au kuzungusha ni katriji. Kishikio chenye namba za joto, mara nyingi na kitufe kinachokuzuia kupita digrii 38, ni termostati, valvu inayodhibiti joto yenyewe. Ukikosea hapo, kila utakachonunua kitarudi dukani.

Vichwa vya kauri: bidhaa bora kuliko zote, ukipima

Seti huwa na vichwa viwili vya shaba. Ndani ya kila kimoja kuna diski mbili za kauri zilizosuguliwa hadi zikalaliana bila nafasi. Moja imetulia, ya pili inazunguka pamoja na kishikio, na robo ya mzunguko inatosha kufungua au kufunga. Kichwa kinaingia pale pale ilipotoka spindeli ya zamani. Washa wa kusagika haupo tena, na hakuna haja ya kukaza kwa nguvu usiku ili matone yakome.

Kwenye boksi huandikwa kwamba seti inaenea valvu zote. Usisadiki. Kuna vipimo vinne vya kuchukua kabla ya kulipa, na kalipa ya plastiki, kile kipimo cha kubana, inatosha.

Kwanza ni kipenyo cha nyuzi za nje za spindeli ya zamani. Ukipata takriban milimita 20.9, hiyo ni nusu inchi, yaani G1/2. Ukipata 26.4 ni robo tatu, na 16.6 ni tatu ya nane. Wengi hupima 21, wakaona inakaribia robo tatu ya inchi, wakaomba robo tatu. Jina linafuata bomba, si nyuzi. Valvu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mambo yake: kila kampuni ilikuwa na nyuzi zake, kwa hiyo seti ya G1/2 haiingii humo. Huko hununuliwa spindeli ya chapa na modeli ile ile, au ya kampuni ya vipuri iliyoiiga.

Pili ni meno ya ncha ambayo kishikio hukalia. Mara nyingi ni 20 au 24, na kwa macho hazitofautiani. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja, kisha hesabu ukizunguka. Kishikio cha meno 24 kinaweza kulazimishwa kwenye ncha ya 20, na siku za mwanzo kitashika. Halafu kinaanza kuteleza, na plastiki ya ndani inapasuka. Kama unanunua seti yenye vishikio vyake, kipimo hiki kiruke.

Cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi: kina, kutoka mdomo wa kiwiliwili hadi kwenye kiti, ile pete ya shaba ndani ambayo washa ulikuwa unaikalia. Chini ya kichwa cha kauri kuna mpira, na lazima ukandamizwe na kiti hicho. Kichwa kikiwa kifupi, maji yanapita chini ya mpira na shawa inaendelea kudondosha ingawa kauri ni mpya kabisa. Hapo mtu huanza kuilaumu bidhaa. Kikiwa kirefu, mpira unagota mapema, bega la kichwa (ukingo wake mpana) halifiki kwenye mdomo wa kiwiliwili, na maji yanavujia nyuma ya kibati, ile sahani inayofunika tundu, usipoona. Seti nzuri huleta mipira ya unene tofauti. Isiyo nayo iache. Namna ya kujaribu ni kukizungusha kichwa kwa vidole bila spana. Kinapaswa kuingia kilaini, kisha karibu na mwisho uhisi mpira ukianza kusukuma, na bega lifike baada ya kukaza kidogo tu. Kikiingia kilaini hadi bega liguse bila kuhisi chochote, ongeza mpira mnene.

Nne ni urefu wa spindeli inayotokeza nje. Ikiwa vigae vipya vilibandikwa juu ya vya zamani, valvu imezama, na kichwa cha kawaida hakifiki kwenye kishikio. Kiongezeo cha spindeli huuzwa peke yake, na hakikisha meno yake yanalingana pande zote mbili.

Vichwa vya kauri vina upande. Cha moto na cha baridi hufunguka kwa kuelekea pande tofauti, na ndiyo maana kimoja huwa na alama nyekundu na kingine bluu. Ukinunua viwili rejareja vya upande mmoja, kishikio kimoja kitafunguka kinyume. Hakivuji, lakini kila mgeni atajimwagia maji asiyoyataka.

Kasoro zake zipo. Tundu la kauri ni jembamba kuliko njia ya washa wa zamani, na kwa maji ya tangi la juu hilo linaonekana. Mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban baa 1. Tangi lililo mita 2 juu ya shawa linakupa 0.2 tu. Kwa presha hiyo tafuta vichwa vyenye tundu pana, au baki na spindeli ya washa na ubadilishe washa peke yake. Kasoro ya pili ni mchanga. Chembe moja ikiingia kati ya diski huchora mstari, na mstari huo ndio njia ya matone. Tatu, kwa presha kubwa, robo ya mzunguko inaweza kuyakata maji ghafla hadi bomba zigonge ukutani. Mazoea ya kufunga polepole yanatosha kwa wengi, lakini kama kugonga kunaendelea, punguza presha ya nyumba kwanza.

Kuitoa ya zamani ndiyo kazi yenyewe

Kipuri kipya huingia kwa dakika chache. Cha zamani ndicho huvunja vigae, na kifaa kinachoamua ni soketi ndefu yenye ukuta mwembamba, inayoingia ndani ya tundu na kushika nati ya kichwa pande zote sita. Huuzwa kwa seti ya vipande kadhaa pamoja na kipini cha kupenyeza. Hii inunuliwe hata kama vingine vyote utaazima. Spana malaya haifiki kule ndani, na ikifika inashika pembe mbili, inateleza, inaviringa nati. Koleo ndiyo usiisogeze kabisa kwenye nati.

Utaratibu ni huu. Funga maji ya nyumba nzima, zima hita kwenye swichi yake kuu, kisha fungua koki iliyo chini kuliko zote ili bomba zimwage. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa. Skrubu ya kishikio hupenda kutumbukia humo. Ondoa kifuniko cha kishikio kwa bisibisi bapa, kisha skrubu, kisha kishikio chenyewe. Kikigoma usikipige kwa pembeni; mimina siki ya moto kwenye kitambaa, kizungushie, subiri, kisha kivute sawasawa pande zote.

Ndani utaona nati, mara nyingi imezungukwa na saruji au chokaa ngumu kama jiwe. Ikwangue kwa bisibisi kuukuu hadi soketi ikae hadi mwisho. Soketi iliyokaa nusu ndiyo huharibu nati. Kabla ya kuifungua, zungusha spindeli nusu mzunguko kuelekea kufungua, ili washa usiwe umebana kiti. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu na uyape saa kadhaa, si dakika tano.

Sasa anza kwa kukaza kidogo, mpapaso tu, ndipo ulegeze. Mwendo huo wa kwenda mbele huvunja ganda la chokaa kwenye nyuzi. Sikiliza: mlio mkavu mmoja mfupi na nati kusogea peke yake ni dalili njema. Ikiwa mkono unahisi kama unakunja waya mnene, na soketi inasogea pamoja na vigae vinavyonong'ona, acha papo hapo. Hiyo si nati inayofunguka, ni kiwiliwili kizima kinachojizungusha, na nyuma yake kuna bomba linalosokotwa. Bomba la shaba hujikunja. La plastiki hupasuka kwenye kiungo chake, na hapo ukuta utabomolewa kwelikweli. Rudia mafuta, weka kitambaa kilicholowa maji yaliyochemka, mwenzako ashike sehemu ya kiwiliwili inayotokeza kwa koleo la bomba lililozungushiwa mpira, ndipo ujaribu tena kwa nguvu ile ile, bila kuongeza.

Kichwa kikishatoka, mulika ndani kwa tochi. Kiti kinapaswa kung'aa kama pete moja iliyokamilika. Pitisha kucha: ikinasa, kuna mfereji, na hakuna mpira utakaouziba. Kwenye valvu nyingi za Marekani kiti hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe nne au sita na kubadilishwa. Kwingine kimeungana na kiwiliwili, na hapo hutumika kifaa cha kusawazisha kiti, chenye meno ya chuma na kishikio cha kuzungusha. Ni chombo kidogo kinachofanya kazi kuliko kinavyoonekana, mradi mkono uwe mwepesi: mizunguko miwili au mitatu, futa unga wa shaba, mulika, pitisha kucha tena. Anayekisukuma kwa nguvu huacha mawimbi, na kiti kinakuwa kibaya kuliko mwanzo.

Rangi ya shaba pia itazame. Manjano iliyofifia ni sawa. Mabaka ya waridi na nyuzi zinazomeguka kama biskuti maana yake zinki imekwisha kutoka kwenye shaba na kiwiliwili kimekufa. Hakuna seti itakayokiokoa.

Kabla ya kufunga kipya, shika kitambaa mbele ya tundu na mwenzako afungue maji kwa sekunde chache, kisha afunge. Kitakachotoka kitakushangaza: kutu, mchanga, vipande vya washa. Ruka hatua hii na kauri zako hazitamaliza mwezi bila michirizi. Kisha paka mipira grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanayotokana na petroli yaache, kwa sababu hufanya mpira wa EPDM, unaotumika sana kwenye vifaa vya maji, uvimbe. Wala usizungushe tepu ya uzi kwenye nyuzi za kichwa. Kinachozuia maji pale ni mpira na bega; tepu hukiinua kichwa na kukizuia kukaa.

Katriji: nunua kwa kipuri mkononi

Kwa kishikio kimoja mambo ni mepesi zaidi, ila katriji za aina moja hazifanani na za aina nyingine. Za kauri za mikisa mingi huwa na kipenyo cha milimita 35 au 40. Tofauti ya milimita 5 haionekani kwenye picha ya mtandaoni, kwa hiyo pima kitako, pima kimo, tazama vijiti viwili vinavyotokeza chini vimekaa wapi na kama kitako ni bapa au kina miguu. Kuna zinazolingana kila kitu isipokuwa kimo, na hizo ndizo huvuja baada ya wiki kwa sababu nati haiibani mipira sawasawa.

Katika chapa zenye vipuri vyao, namba ndiyo kila kitu. Moen 1222 na 1225 si kitu kimoja: ya kwanza inasawazisha presha ya moto na baridi, ya pili haifanyi hivyo, na haziwekwi badala ya nyingine. Kiwiliwili cha Delta R10000 kinapokea katriji za mfululizo wa 13, 14 na 17, na iBox ya Hansgrohe imebuniwa vivyo hivyo, sehemu zote zinazofanya kazi ziingie kwa mbele. Mwenye viwiliwili kama hivyo ukutani ana bahati. Anaweza hata kubadili aina ya shawa bila kugusa kigae.

Katriji ya Moen hushikwa na klipu ndogo ya kuvutwa juu. Itoe, ihifadhi, irudishe. Bila klipu, presha ya maji itairusha katriji nje ya ukuta. Ikiwa imegandia kwa miaka, kuivuta kwa koleo hutoa shina peke yake na kuacha ganda ndani. Kifaa cha kuvutia katriji, chenye skrubu ya katikati inayojikita kwenye ganda, kinastahili kuazimwa kabla ya ajali hiyo, si baada yake. Ukimaliza ukakuta moto na baridi vimebadilishana, usidhani umenunua mbovu; katriji nyingi hurekebishwa kwa kuzungushwa digrii 180.

Termostati usiikimbilie kuinunua. Katriji yake ndiyo ghali kuliko zote hapa, na mara nyingi kosa liko kwenye vichujio vidogo vya kuingilia maji, vilivyojaa chokaa. Vitoe, viloweke kwenye siki, virudishe. Kama bado joto linayumba, hapo badili, kisha ipime: weka kipimajoto kwenye maji yanayotoka, zungusha hadi digrii 38, ndipo uvalishe kishikio alama ya 38 ikiwa mahali pake. Na kama bomba la moto liko upande usio wa kawaida, katriji ya kawaida haitafanya kazi hata ungeipima namna gani. Ulizia ile iliyotengenezwa kwa bomba zilizobadilishana.

Bamba kubwa: soma maandishi madogo

Hili huuzwa kama njia ya kung'oa valvu nzima ya vishikio vitatu na kuweka ya kishikio kimoja, matundu ya zamani yakifichwa na bamba pana la chuma. Picha zake hazionyeshi kwamba chini ya bamba vigae vinakatwa. Ukuta haubomolewi, sawa, lakini tundu la kupitisha kiwiliwili kipya na mikono yako lazima litobolewe, dogo kuliko bamba kwa angalau sentimita 2 kila upande.

Kwenye ukuta wa mbao au fremu ulio wazi ndani, kazi inawezekana na matokeo ni safi. Mabomba yanaonekana, yanakatwa, yanaungwa. Kwenye ukuta wa tofali ambao bomba zimezikwa ndani ya saruji, bamba ni pambo tu, kwa sababu patasi itahitajika kuzunguka kila kiungo na tundu litapita ukubwa wa bamba kabla hujafika kwenye bomba. Huko, kama nyuma ya ukuta kuna kabati, stoo au korido, ni nafuu kufungua upande huo na kuweka mlango mdogo wa ukaguzi. Kwa muuzaji anayeliuza bamba bila kuuliza ukuta ni wa nini, hatuna neno zuri.

Mikisa ya juu ya ukuta inataka mistari michache. Kama ukutani kuna midomo miwili ya nusu inchi, umbali wa milimita 150 kati ya vitovu vyake, funga na usahau. Shingo zilizopinda zinazokuja nayo hufidia tofauti ndogo. Zizungushie tepu ya uzi mara 10 hivi kwa mwelekeo wa kukaza, na ukishazikaza usizirudishe nyuma hata robo ili zilingane. Tepu hukatika na mvujo huingia ukutani. Ukipitiliza, toa, safisha, anza upya.

Chochote utakachofunga, usirudishe kibati papo hapo. Fungua maji, shawa ikiwa imefungwa, kausha tundu kwa kitambaa, kisha weka tishu kavu kuzunguka mdomo wa kiwiliwili. Iache saa moja, halafu shawa ifunguliwe dakika tano kwa moto na tano kwa baridi, na tishu nyingine kavu. Sehemu iliyolowa itakuambia ni mpira upi. Ikibaki kavu, rudisha kibati na ukizibe kwa silikoni juu na pembeni, ila upande wa chini acha wazi, ili siku mpira utakapochoka maji yatokeze mbele badala ya kukusanyika nyuma ya vigae.